Tupige Picha Kabla ya Kuokota Mabati

Ndugu zangu wa Msata, Lugoba, Kiwangwa, Mandera na Miono, naanza na ombi lenyewe ili asiye na muda alichukue aende zake. Upepo ukiezua paa la nyumba, la darasa au la kibanda, na mkishahakikisha watu wote wako salama, pigeni picha kabla hamjaokota bati hata moja. Mwenye nafasi aendelee kusoma, nimweleze sababu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ina vituo vyake uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na kwingineko. Kipimo cha upepo kinachokubalika duniani huwekwa mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi pasipo mti wala ukuta wa kukikinga. Sasa wingu la radi likijikusanya juu ya njia panda yetu ya Msata jioni moja ya masika, halipiti Tanga kwanza kujiandikisha. Linapiga vitongoji viwili vitatu kwa dakika chache, basi, limekwisha. Ushahidi unaobaki ni miembe, nguzo na mabati. Nao haukai: kesho yake mafundi wako juu ya paa na mwembe umeshapasuliwa kuni.

Pwani hii imewahi kupigwa na dhoruba ambayo mpaka leo tunaijua kwa vilivyovunjika tu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja, kikalaza mikarafuu na minazi shamba kwa shamba na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Bagamoyo nayo haikupona. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, waliona majengo waliyokuwa wameyasimamisha yakibomoka. Msafiri Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na mmisionari Livingstone, alikuta kuta za mji wa Simbamwenni, kule Morogoro, zimebebwa na mafuriko. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kupima kasi. Anayetaka kukadiria upepo wa siku ile hana budi kurudi kwenye maandishi ya walioona kilichoanguka na kilichosimama. Sisi tuna simu mifukoni, na bado tunawaachia wajukuu zetu maneno mawili tu: "kimbunga kilipita".

Kusoma upepo kwa mabaki yake ni elimu kamili, na mwalimu wake mkuu alikuwa Mjapani, Tetsuya Fujita. Mwaka 1945, wiki chache baada ya bomu la Nagasaki, alikwenda kuutazama mji, na kwa alama za kuungua zilizobaki akakadiria bomu lililipukia juu kiasi gani. Baadaye alihamia Chicago. Tarehe 20 Juni 1957 tufani ya mzunguko ilipopiga mji wa Fargo, Marekani, aliwaomba wakazi wampe picha walizopiga. Akapata zaidi ya mia moja, akazipanga dakika kwa dakika mpaka akajua wingu lile liliishi vipi tangu lilipojitokeza hadi lilipokufa. Waliopiga picha hizo walikuwa watu wa kawaida waliosimama barazani kwao.

Ugunduzi wake unaotuhusu sisi moja kwa moja ulikuja katikati ya miaka ya 1970. Akitazama kutoka angani misitu iliyoangushwa, aliona sehemu ambazo miti haikulala kwa mzunguko. Ilikuwa imelala kuelekea nje pande zote, kama miale, kutoka kituo kimoja. Ndipo akaeleza upepo unaoporomoka kutoka tumboni mwa wingu la radi, ukagonga ardhi na kutawanyika. Upepo wa namna hiyo hauhitaji bahari. Msata, kilomita 64 kwa barabara kutoka Bagamoyo mjini, inaweza kuupata hata siku ambayo baharini kumetulia. Ndiyo maana katika picha ya mti ulioanguka, upande ulikoelekea una thamani kuliko ukubwa wa shina. Miti kumi yote ikilalia magharibi inasema jambo moja. Ikitawanyika kutoka uwanja wa shule inasema jingine kabisa.

Niseme sasa jambo ambalo mafundi hawatalipenda. Bati lililopaa halithibitishi kimbunga. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ule ambao TMA huutolea angalizo kwa wavuvi, una msukumo wa kilo saba hadi nane kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 halizidi kilo tatu kwa mita hiyo hiyo. Kumbe uzito wa bati haulishikilii chochote. Kinacholishikilia ni msumari. Na kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne: kilomita 80 kwa saa ni kilo thelathini na moja hivi, na kwenye kingo za paa mvuto huwa mkali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sogezeni simu karibu na tundu la msumari. Kama msumari umebaki kwenye mbao na bati limechanika kuuzunguka, bati lilikuwa jembamba au misumari ilikuwa michache. Kama msumari umetoka na bati lake, ulikuwa mfupi, au mbao ilipigiliwa mbichi ikaja kukauka na kuuachia. Kama papi zimeondoka pamoja na mabati, ni kwamba hazikushikwa vizuri kwenye kenchi. Na kama paa zima limehama na kenchi zake, likatua kwa jirani, basi lilikuwa limekaa juu ya ukuta bila kufungwa. Hapo swali la kwanza aulizwe aliyejenga, ndipo tuulize upepo. Fujita mwenyewe alinaswa na mtego huu. Kipimo chake cha tufani za mzunguko cha mwaka 1971 kiliyapa maangamizi makubwa kabisa kasi inayoanzia kilomita 419 kwa saa. Wahandisi walipochunguza jinsi nyumba zilivyofungwa, waligundua kwamba nyingi hung'oka kwa upepo mdogo kuliko huo, na katika kipimo kilichorekebishwa, kilichoanza kutumika mwaka 2007, daraja hilo la juu linaanzia kilomita 322 hivi. Nyumba dhaifu huusingizia upepo.

Kwa sababu hiyo picha ya nyumba iliyosimama ni muhimu sawa na ya iliyoezuliwa. Darasa jipya likikaa bila paa huku la jirani, lililojengwa zamani, halijapoteza hata bati moja, picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zinauliza swali ambalo kamati ya shule inapaswa kulijibu. Mgomba msiuhangaikie. Mgomba huanguka hata kwa sababu zake.

Kuhusu video, tuwe wakali kidogo. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia Mafia, nchi nzima ilikuwa imeinamia simu. Nyakati kama hizo video za nchi nyingine na za miaka mingine hupata mwanya wa kuzunguka kwenye magrupu. Kabla hujasambaza, tazama magari yanapita upande gani wa barabara, namba zake zina rangi gani, maandishi ya dukani ni ya lugha gani. Usikadirie upepo kwa sauti. Maikrofoni ya simu hunguruma hata kwa upepo wa kawaida wa ufukweni. Wala usitishwe na mvua iliyolala. Matone makubwa huanguka kwa kasi ya mita saba hadi tisa kwa sekunde, hivyo mvua inayoshuka kwa mshazari wa nusu pembe mraba inasukumwa na upepo wa kilomita thelathini hivi tu kwa saa.

Tazama watu na vitu. Mtu akitembea kwa taabu dhidi ya upepo, na miti mizima inayumba, ni kama kilomita 50 hadi 60. Vitawi vikianza kukatika miti ikiwa mizima, umepita 60. Miti imara inayong'oka na mizizi inaelekea 90 na kuendelea, ingawa ardhi ikishalowa wiki nzima hung'oka mapema zaidi. Kuna pia hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza: pima kwa hatua nafasi kati ya nguzo mbili za umeme, kisha hesabu kwenye video mfuko wa plastiki umechukua sekunde ngapi kutoka moja hadi nyingine. Mita 50 kwa sekunde nne ni kilomita 45 kwa saa, na upepo wenyewe haukuwa chini ya hapo.

Mnapopiga, simameni mbali kwanza ionekane nyumba nzima na majirani zake, halafu sogeeni. Zungukeni pande zote nne. Taja kwa sauti kwenye video mahali, saa na upande ulikotoka upepo. Acheni sura za watoto na za waliofiwa. Nyaya zilizoanguka msizisogelee hata kama umeme umekatika. Na mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupoteza kumbukumbu ya saa na mahali ilipopigwa.

Herbert Saffir, mhandisi ambaye jina lake limebebwa na kipimo cha vimbunga cha Wamarekani, aliianza kazi hiyo mwaka 1969 akiutumikia Umoja wa Mataifa katika uchunguzi wa nyumba za gharama nafuu kwenye nchi zinazopigwa na dhoruba. Hoja yake ilikuwa nyumba za watu kama sisi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Wenyeviti wa vitongoji, nawaomba kabla ya masika kila mmoja ateue kijana mwenye simu nzuri ya kufanya kazi hii. Walimu wa jiografia, wapeni wanafunzi wapime nafasi za nguzo za barabara yao na kuziandika daftarini. Mafundi, njooni mtazame picha za kazi zenu na za wenzenu. Na wewe uliyeezuliwa, picha zako zifike kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, na nakala ibaki kwako.