Nani Alihesabu Abiria?

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye mahafali ya mjukuu wangu wa kike, hapa Ujiji. Nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikakaa chini ya turubai tangu saa tatu asubuhi, na mgeni rasmi akafika saa saba. Simtaji. Alipopewa kipaza sauti aliwaambia watoto wale wa kidato cha nne kwamba nchi imekosa viongozi, kwamba kizazi chake kimeshindwa, na kwamba kazi waliyobaki nayo wao ni kupiga magoti ili Mungu atushushie Nyerere mwingine. Watu wakapiga makofi. Meza kuu wakatikisa vichwa kama waliofiwa.

Nilirudi nyumbani nimefura. Niliandaliwa ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, na sikumaliza nusu sahani. Mjukuu wangu akaniuliza: "Babu, kwa hiyo tumesoma ili tumngoje mtu?"

Nina miaka 74 na imani hiyo nimeisikia tangu nikiwa kijana. Utaikuta kwenye kahawa, kwenye daladala ya Mwanga, msibani, redioni: hatima ya taifa imo mkononi mwa mtu mmoja mkubwa, akipatikana tumepona, asipopatikana tumekwisha. Ni uongo, tena uongo unaowafaa watu wote wawili. Kiongozi anaabudiwa, mwananchi analala usingizi.

Nilikuwa karani wa vyombo vya majini. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kuhesabu: vichwa vya watu, magunia ya dagaa, madumu ya mawese, mabati. Basi nina haki ya kuuliza swali moja, na nitaliuliza mpaka nichoshe watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kule Ziwa Victoria, kivuko kilichotoka Bugolora kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kivuko kile kiliitwa MV Nyerere.

Jina kubwa kuliko hilo hatuna. Liliandikwa ubavuni, kila aliyepanda alilisoma, na halikumwokoa hata mtoto mmoja. Nani alihesabu abiria? Kama gatini angesimama karani mmoja asiyejulikana na mtu, mwenye daftari na roho ngumu, akasema "imetosha, wengine mngoje safari ijayo", akina mama wale waliotoka gulioni wangefika kwao. Hapakutakiwa mteule wa Mungu pale. Palitakiwa mtu wa kuhesabu.

Sasa tazameni chombo chetu wenyewe, hapa Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikavushwa bahari na kupandishwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona vita vinawaelemea waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoinyanyua mwaka 1924 wakakuta injini bado ni nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Msiniambie namsifu Mjerumani; alichotutendea nchi hii nakijua. Nasifu grisi. Makaiza na magavana waliotamba na meli ile wamesahaulika, na mwaka 2015, Warundi walipokimbia kwao wakarundikana kwa maelfu pale Kagunga na kipindupindu kikawaingia, iliyokwenda kuwachukua ni Liemba ileile. Karne nzima imeishi kwa mafundi wa chini ya sitaha, watu ambao hakuna mtaa uliopewa majina yao.

Na kama wakombozi wangekuwa dawa, ukanda huu wa Ziwa Tanganyika usingekuwa na mgonjwa hata mmoja. Hapa tumewavusha. Aprili 1965 Che Guevara, mkombozi ambaye picha yake vijana wanaivaa vifuani mpaka leo, alivuka usiku kutoka Kigoma kwenda kuikomboa Kongo. Novemba mwaka uleule akarudi Kigoma, ameshindwa, na mwenyewe alikiri. Aliyemkuta katika mapambano yale, Laurent Kabila, akaishi miaka mingi Tanzania, na Mei 1997 akaingia Kinshasa kwa shangwe kama mkombozi. Mwaka uliofuata vita vikawaka tena, na Januari 2001 akauawa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 na bado imejaa watoto wa Kongo, wengi wao wamezaliwa humohumo. Muulize mzee yeyote wa Kikongo pale Kibirizi kilichoiponza nchi yake, atakwambia: angekuwepo Lumumba! Namheshimu Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo; barabara kuu ya Kigoma ina jina lake. Lakini ameuawa tangu Januari 1961. Watu waliokaa wakililia mtu mmoja zaidi ya miaka 60 wameacha nyumba yao wazi, kila mwenye bunduki akaingia.

Tena wanaomlilia Mwalimu Nyerere ndio wasiomjua. Alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955, nauli ilichangwa na wananchi. Kadi za chama chake, TANU, ziliuzwa nyumba kwa nyumba, na Bibi Titi Mohamed aliwatoa wanawake majumbani kabla wanaume wengi wa barazani hawajathubutu kutia neno. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akarudi kuimarisha chama kwa wananchi. Nchi ilianguka? Mwaka 1985 akang'atuka. Nchi ilizama? Na mwaka 1993, hoja ya serikali ya Tanganyika ilipoibuka bungeni na wakubwa wa chama chake wakayumba, hakupiga magoti kuomba ashushwe mwingine. Alikaa akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akamkosoa waziri mkuu na katibu mkuu wa chama chake mwenyewe mchana kweupe. Huyo ndiye wanayetaka kumfanya mzimu wa kuombwa.

Nami nilimpenda. Ndiyo maana nasema na hili, ambalo wazee wenzangu wanalimeza. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wahamie vijiji vya ujamaa. Mjomba wangu alihamishwa kutoka shamba lenye michikichi aliyoikuta kwa babu yake, akapelekwa mahali ambapo maji yalikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Nilikwenda kumwona. Nikamuuliza kwa nini hawakumwambia msimamizi kwamba pale hapakaliki. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba jambo limetoka kwa Mwalimu, na Mwalimu hakosei. Mnaona? Walionyamaza si wajinga. Walikuwa na imani, na kwa imani hiyo hata Mwalimu mwenyewe akanyimwa habari aliyoihitaji: kwamba hapa hakuna maji. Mkimfanya kiongozi mteule, mnamfanya kiziwi.

Kuna wanaonijibu kwamba Mwafrika bila fimbo hendi, tunahitaji mtu mkali. Huyo anayesema hivyo mtazameni vizuri: hata siku moja hajataka fimbo ipigwe mgongoni kwake. Anataka apigwe jirani, apigwe mvuvi, apigwe mama wa dagaa asiye na risiti. Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, nchi zote nne zinazolizunguka zimekubaliana, samaki wapumzike. Miezi mitatu mwaloni kimya, karabai zimening'inia ukutani, watoto wanakula ugali na mboga za majani. Wavuvi walivumilia, na shida yao niliiona kwa macho. Halafu mtu aliyeshiba aje kuniambia watu hawa hawaendi bila fimbo!

Rafiki yangu mmoja, Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyezaliwa hapahapa Kigoma na anayesema Kiha vizuri kuliko wajukuu zangu, aliniambia kwao mababu walipitia hayohayo. Waziri mkuu wao Nehru alipofariki Mei 1964 dunia nzima iliuliza India itaongozwa na nani. Ikaongozwa. Baadaye binti yake, Indira Gandhi, akashika nafasi hiyo, na wapambe wakaimba kwamba Indira ndiye India na India ndiye Indira, akatangaza hali ya hatari mwaka 1975, akawafunga wapinzani. Mwaka 1977 wakulima wasiojua kusoma wakasimama foleni ya kura, wakamtoa. India hiyohiyo ndiyo iliyompa Mwalimu wetu tuzo ya kwanza ya amani ya Gandhi, mwaka 1995. Sisi tumechukua tuzo, somo tukaliacha forodhani.

Na majina! Uwanja wa ndege Nyerere, daraja Nyerere, bwawa Nyerere, hifadhi Nyerere. Mwenye kustahili anastahili, sibishi. Lakini maji ya Rufiji hayazungushi mtambo kwa kusoma jina. Na hili la "mheshimiwa" limenichosha. Diwani mheshimiwa, mgeni rasmi mheshimiwa, aliyechelewa saa nne watoto wakiungua jua naye mheshimiwa, na hakuomba radhi.

Nimalize kwa langu. Miaka ya themanini, katika kituo kimoja cha mwambao ambacho sikitaji, boti ilikuwa imejaa, nimeshafunga daftari. Akaja mkubwa mmoja na watu wake kumi na tisa na mizigo ya harusi. Bosi wangu akaniambia niwapakie, huyu ni mtu mzito. Nikamwambia boti haijui mtu mzito, inajua uzito. Alinitukana mbele ya abiria wote. Nikakaa juu ya ubao wa kupandia, nikasema atakayepanda anikanyage. Hawakupanda. Nilihamishwa mwezi uliofuata, mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane, nikakaa mwaka mzima bila kupandishwa cheo. Boti ile ilifika salama, na hakuna hata abiria mmoja aliyejua kwamba kulikuwa na jambo.

Mjukuu wangu nimemweleza kisa hicho usiku uleule. Akauliza daftari liko wapi. Nikamwonyesha moja lililobaki, limeliwa na mchwa pembeni, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kwa mwanga wa simu. Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa muda mrefu, na fedha za mfereji tulizochangishwa hatujaziona wala mfereji hatujauona. Amesema tutakwenda wote, na daftari jipya ameshanunua.