Kabla fundi hajafuta kila kitu



Wiki hii swali limetoka kwa mama mweka hazina wa AVEC moja. Umeme ulikatika akiwa anaandika michango ya Jumamosi. Uliporudi, ordinateri ilionyesha kioo cheusi chenye maneno meupe, ikakwama hapo. Kijana wa kutengeneza akamwambia: "Mama, tuformati tu, itapona." Ndani mlikuwa na hesabu ya wanawake 25, na mgawo ni mwezi wa 12. Alifanya vizuri kukataa.

Diski ni kama kaye kubwa ambamo barua moja inaweza kuandikwa nusu ukurasa wa 3, nusu ukurasa wa 112. Kuna orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi. Umeme ukikatika mashini ikiwa inaandika orodha hiyo, mstari unabaki nusu. Mara nyingi michango ingali kwenye kurasa zake. Iliyoharibika ni njia ya kuifikia. Kuformati ni kutupa orodha ya zamani na kuanza mpya, tupu. Mashini itapona kweli, lakini hesabu je?

Kwa hiyo usianze na bei. Mwulize fundi: "Utakopi vitu vyangu kwanza? Utaviweka wapi?" Anayejua kazi anaweza kuwasha mashini kwa kle USB yenye Linux, bila kugusa Windows iliyomo, akatoa mafaili na kuyaweka kwenye diski nyingine. Au anatoa diski yenyewe na kuichomeka kwenye ordinateri nzima. Kaa karibu naye. Fungua mwenyewe mafaili mawili matatu uone kama namba zinasomeka.

Kisha ndipo atengeneze. Kwenye Windows amri inaitwa chkdsk, kwenye Linux ni fsck, nayo hutumika sehemu hiyo ya diski ikiwa haijafunguliwa. Akiandika chkdsk C: /f, mashini inakagua orodha na kusahihisha makosa. Akiweka /r, inatafuta pia sehemu mbovu za diski, na hiyo inaweza kuchukua saa nyingi. Kwa umeme wetu huu, betri iwe imejaa na mashini iwe kwenye onduleri au solari, kwani kukatika katikati ya kazi kunaweza kuongeza uharibifu. Ujue pia kwamba chkdsk inataka orodha iwe safi. Faili lako linaweza kukatwa ili orodha inyooke. Vipande visivyo na mwenyewe huwekwa katika folda inayoitwa found.000. Msiifute kabla ya kuangalia.

Lakini diski ikilia ka-ka-ka, zimeni mara moja. Hapo chuma chenyewe kinakufa, na hakuna amri ya kukiponya. Kila jaribio linakimaliza zaidi.

Ninyi wa AVEC, kaye ya biki iendelee kuandikwa, hata kama vijana wanawacheka. Na kila Jumamosi, hesabu ikiisha, ikopiwe kwenye kle itakayolala kwa mama mwingine, si katika sakoshi ileile ya ordinateri. Mwizi hachagui.

Wiki ijayo nitajibu yule aliyeuliza juu ya watoto na simu usiku.