MAPROMOTA WA TUNDUMA, WATU WATAKUJA KUFA KWENYE SHOO!

Kuna mapromota Tunduma wanamlipa msanii kutoka Dar mamilioni, halafu taa na spika zinaning'inizwa kwa kamba na waya wa kuokoteza. Ukiuliza unajibiwa, "Mbona haijawahi kuanguka?"

Agosti 13, 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, dhoruba ilionekana inakuja, uamuzi wa kusitisha shoo ukachelewa. Upepo ukaangusha paa la steji kabla kundi la Sugarland halijapanda. Watu 7 walifariki.

Mzigo upimwe, kila taa iwe na mnyororo wa akiba, upepo ukizidi watu waondolewe. Fundi alipwe kwanza, msanii baadaye. Watu wanatoa kiingilio, siyo rambirambi.

Wadau, mnasemaje?