Fedha ya Njia na Iende Njiani

Kijana mmoja aliyesoma chuoni petu, ambaye leo ni dereva wa matatu, alitujia na swali. "Maalim, kila lita ninunuayo ina ushuru wa barabara ndani yake. Mbona njia yetu ni mashimo matupu?"

Twaona ameuliza la haki. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru wa kutengeneza barabara juu ya petroli na dizeli. Aendaye mbali hulipa zaidi, na aliyelaza gari lake halipi. Mwaka 2016 ulifika shilingi 18 kwa lita. Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Watu huustahamili kwa kuwa umewekewa kazi maalumu. (Mwenye mashine ya dizeli ya kusagia mahindi naye hulipa, na mashine yake haitembei! Hilo hatujaliridhia.)

Waingereza walitutangulia katika jambo hili. Mwaka 1909 David Lloyd George alitoza petroli na leseni za magari kwa ahadi kwamba fedha itakwenda barabarani, na mwaka 1920 ukaundwa Mfuko wa Barabara. Mfuko ulipojaa, macho yakauona. Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, alichota pauni milioni 7 mwaka 1926 na milioni 12 mwaka uliofuata, akikataa dai la kwamba kodi hiyo ni ya wenye magari peke yao. Tangu mwaka 1937 fedha yote ikaingia hazina kuu. Hata leo Waingereza wengi husema "kodi ya barabara", ilhali kilichobaki ni jina tu.

Kwetu mfuko haukuchotwa namna hiyo. Ila mwaka 2025 shilingi 7 katika zile 25 ziliwekwa rehani ili kupata fedha ya kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai. Deni ni deni, nao walifanya kazi. Lakini lita ya kesho inalipia lami ya jana. Mashimo ya leo yatazibwa na nini?

Tulimwambia kijana aulize fungu la njia yake mwaka huu ni kiasi gani. Akasema, "Niulize wapi?" Tukamwandikia jina la Bodi ya Barabara ya Kenya, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 kuusimamia mfuko huo. Akatia karatasi mfukoni akaondoka mbio, maana abiria walikwisha kuanza kelele.