Watumishi wa Habari na Meza ya Majadiliano



Tarehe 1 Mei 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mwaka huo. Wengi wetu hapa Kalangalala tulizipata habari hizo redioni. Ni mara chache tunajiuliza mshahara wa huyo anayetupasha habari hupangwaje.

Nasema juu ya watangazaji na mafundi mitambo wa Shirika la Utangazaji Tanzania, wakutubi wa Bodi ya Huduma za Maktaba, na maofisa habari wa halmashauri zetu. Kazi yao haipimwi kwa gramu, kama tulivyozoea huku Geita. Lakini mtumishi wa habari asiyetoshelezwa na mshahara wake huanza kutazamia bahasha ya yule anayemwandikia habari. Siku kukitokea mgogoro wa fidia ya mashamba kando ya mgodi, ni nani mwenye uwezo wa kutoa bahasha nene, mkulima au mwenye mtaji? Hapo hasara ni yetu sote.

Vyombo vya majadiliano vipo. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi mahali pa kazi, na sheria ya mwaka 2003 ikaunda mabaraza ya pamoja ambamo Serikali na vyama vya wafanyakazi huketi kuzungumza. Hata hivyo, wengi bado hungoja nyongeza ishuke jukwaani Mei Mosi kama mvua. Mwaka 2022 ilitangazwa asilimia 23.3, ilipofika Julai watumishi wengi walikuta nyongeza ndogo mno, wakanung'unika, ndipo wakaelezwa kwamba asilimia ile ilihusu kima cha chini. Jambo hilo lingejulikana mapema kama wajumbe wao wangaliwaletea taarifa ya majadiliano.

Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba ridhaa ya mfanyakazi pekee haitoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Yapasa umtosheleze kuishi. (Papa wa sasa, Leo XIV, alitaja waraka huo mwaka 2025 alipoeleza sababu ya kuchagua jina lake.) Sikatai kwamba Hazina ina mipaka, na kwamba mfuko huohuo hununua dawa na kulipa walimu. Basi hesabu ziwekwe mezani, zionekane na pande zote mbili.

Bajeti ya Serikali husomwa mwezi Juni, nayo huandaliwa miezi mingi kabla. Wajumbe wa mabaraza walio parokiani petu waulizeni wenzenu mahitaji yao mapema, muyaandike, na mdai majibu kwa maandishi. Kamati ya Haki na Amani iko tayari kuwasaidia kuisoma sheria hiyo ya 2003, ambayo wengi wenu hamjapata kuiona.