UCHAMBUZI: Ushuru wafanya magari makuukuu kuwa lulu, mnunuzi apime kabla ya kulipa

KUPANDA kwa ushuru wa magari yanayoingizwa nchini tangu mwaka 2023, pamoja na orodha mpya ya bei ambayo Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA) ilitangaza mwaka 2025, kumezua hali isiyo ya kawaida katika soko la magari. Gari lililofika humu nchini miaka ya tisini, lenye nambari ya usajili inayoanza kwa herufi KA na viti vilivyopasuka, sasa linatajiwa bei ambayo miaka michache iliyopita ingetosha kununua gari dogo lililotoka Japani likiwa bado linang'aa.

Hali hii haionekani sana katika magari madogo ya mjini. Inaonekana katika magari ya barabara mbovu, yale yanayovutwa na magurudumu yote manne: Land Rover za kale, Toyota Land Cruiser na Prado, Mitsubishi Pajero, Nissan Patrol na vigari vya Suzuki ambavyo wengi huviita Maruti. Kwa mkazi wa Olenguruone, Maralal au Loita, gari kama hilo si pambo. Mvua inapotanda, ndilo linalomfikisha mjamzito hospitalini na viazi sokoni. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua watu karibu 300 na kusomba madaraja na barabara katika kaunti nyingi, yaliwakumbusha hata wakazi wa Nairobi kwamba lami haina ahadi.

Swali basi ni je, mwananchi aliye na akiba kidogo na mkopo wa chama cha ushirika anunue gari la umri wa miaka 25 au 30, ama asubiri?

Ili kulijibu ni sharti kwanza kufahamu kwa nini magari hayo yamekuwa adimu. Sheria za Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kuingizwa nchini. Mwaka 2025, kwa mfano, ni magari yaliyosajiliwa mwaka 2018 na baadaye pekee yaliyokubaliwa. Maana yake ni kuwa hakuna Land Rover ya mwaka 1996 itakayoshuka tena katika bandari ya Mombasa ili isajiliwe kama gari la kawaida. Zilizopo ndizo zilizopo, na kila moja inayobingirika katika bonde la Kerio au kukatwa vipande vya kuuzwa Kirinyaga Road, mitaa ya Grogan, inapunguza idadi hiyo.

Kwa upande wa pili, anayetaka gari jipya zaidi la aina hiyo anakabiliwa na mlima wa kodi. Tuchukue gari la injini kubwa ya dizeli ambalo KRA imelikadiria thamani ya Sh1 milioni. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, nao unafika Sh472,500. Kisha inafuata kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, yaani Sh291,600, na hatimaye ada ya reli ya asilimia mbili na ile ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5. Jumla ni takriban Sh1.16 milioni. Mnunuzi amelipa serikali zaidi ya thamani ya gari lenyewe, na bado hajamlipa wakala wala hajatia mafuta.

Hapa ndipo penye kinaya. Sheria ya miaka minane ilinuiwa kuwakinga Wakenya dhidi ya magari yaliyochoka. Ikichanganywa na kodi zinazotozwa moja juu ya nyingine, imewasukuma wale wanaohitaji gari imara kurudi kwa magari yaliyochoka zaidi. Majirani walichagua njia nyingine. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia magari yaliyozidi miaka 15 tangu kuundwa, ilhali Tanzania haikuweka ukomo bali huyatoza magari ya kale ushuru wa ziada. Si ajabu basi kwamba baadhi ya Wakenya huvutiwa na Land Cruiser za bei nafuu wanazoziona Namanga na Holili. Wajue mapema kuwa gari la umri huo halitapata usajili wa Kenya hata likiwa zima kama chuma cha reli.

Wanaoshabikia magari haya wana hoja, na haifai kuwapuuza. Land Rover ilianza kuonyeshwa ulimwenguni mwaka 1948, na ile iliyopewa jina la Defender mwaka 1990 iliendelea kuundwa hadi Januari 2016 bila kubadilika sana. Kwa miaka mingi magari hayo yaliunganishwa papa hapa Thika, katika kiwanda kilichoanza mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Polisi, walimu, wamishonari na maafisa wa kilimo waliyaendesha. Matokeo yake ni kwamba katika kila mji mdogo wa Bonde la Ufa yupo fundi wa jua kali anayeweza kuifungua giaboksi yake gizani. Ujuzi huo ni mali. Gari la kisasa lililojaa vitambuzi na kompyuta, likizimika Baragoi, husubiri lori la kulivuta.

Lakini hoja ya urahisi wa kutengeneza mara nyingi hutumiwa kuficha gharama. Kipuri kimoja cha Land Rover huenda kikawa rahisi. Shida ni kwamba kinachohitajika si kimoja. Leo ni pampu ya klachi, wiki ijayo ni springi, mwezi ujao ni difu. Mwenye gari huona analipa senti kidogo kidogo na hapigi hesabu ya mwaka mzima.

Mafuta nayo hayana huruma. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia nane hadi 16, na mnamo Septemba mwaka huo bei ya petroli Nairobi ikapita Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Julai 2024 ada ya kukarabati barabara ikaongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Tuseme dizeli ni Sh170 kwa lita na petroli Sh185. Land Cruiser yenye injini ya lita 4.2 inayokwenda kilomita nane kwa lita, ikisafiri kilomita 1,500 kwa mwezi, itameza dizeli ya karibu Sh31,900. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia petroli ya Sh18,500. Tofauti kwa mwaka ni kama Sh160,000. Hiyo ni karo ya mtoto katika shule ya upili, na masalio juu.

Kwa hivyo jibu linategemea barabara. Mtu anayeishi Kitengela na kwenda mashambani mara mbili kwa mwaka hana sababu ya kujitwika mzigo huu. Kukodi gari siku hizo mbili kutamgharimu kidogo mno. Watu wa namna hii ni wengi, na aghalabu wanachonunua ni heshima ya kuonekana juu ya gari refu. Hilo si kosa, ila wasilihesabu kuwa ni uwekezaji. Mkulima ambaye maziwa yake humwagika kila Aprili kwa sababu lori haliwezi kupanda mlima yuko katika hali tofauti kabisa. Kwake, gari kuukuu lililo zima laweza kujilipa katika misimu michache.

Neno ni uzima. Na hapa wanunuzi wengi huuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kosa la kwanza ni kuangalia rangi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na haishiki kutu kama bati la chuma, kwa hiyo gari huweza kung'aa juu huku chesisi yake, ambayo ni ya chuma, ikiwa imeoza kama kuni iliyonyeshewa. Kuoza huku huanzia nyuma na mahali ambapo springi zimefungwa, hasa kwa magari yaliyokaa Pwani. Fundi mwaminifu hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akigonga chesisi hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu. Ikionekana rangi nyeusi mbichi imepakwa chini ya gari wiki ya mauzo, mnunuzi na aulize inaficha nini.

La pili ni injini. Muuzaji hupenda kuiwasha kabla mteja hajafika. Mteja na asisitize kuikuta baridi, kwani injini ya dizeli iliyochoka hujitambulisha asubuhi: huchelewa kuwaka na kutoa moshi mwingi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Mvuke mweupe usiokwisha, au utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, huashiria maji yameingia kusikotakiwa. Kila aina ina ugonjwa wake. Prado za miaka ya tisini zenye injini ya dizeli ya lita tatu zinajulikana kwa silinda hedi inayopasuka zikichemka. Injini ya Land Rover ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa katika Defender mwaka 1994, ni ya kuaminika mradi ukanda wake wa taiming ubadilishwe kwa wakati. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Ile ya lita 4.2 ya Land Cruiser, maarufu kwa jina la 1HZ, ni mvumilivu kupita zote, na ndiyo maana walio nayo hawaiuzi kwa urahisi. Anayekutana nayo kwa bei ya kutupa ana kila sababu ya kushuku.

Hatimaye gari lijaribiwe kazi yake. Inashangaza ni wangapi hununua gari la magurudumu manne baada ya kuliendesha kwenye lami tu, bila kuvuta ile giaboksi ndogo kuona kama magurudumu ya mbele bado yanavuta. Kipuri kisichotumiwa miaka kumi hukwama.

Stakabadhi zina mitego yake. Land Rover nyingi zilizo barabarani zilikuwa mali ya serikali, zikauzwa kwa mnada au zabuni baada ya kuchakaa. Nyingi zimebadilishwa injini, zikatiwa za Isuzu, Nissan au Toyota. Hakuna ubaya, mradi nambari ya injini mpya iwe imenakiliwa katika kitabu cha umiliki. Isiponakiliwa, mnunuzi ndiye atakayehangaika siku ya ukaguzi au akisimamishwa na polisi. Nambari ya chesisi nayo ilinganishwe na rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), ambazo mtu yeyote huweza kuzitafuta kwa ada ndogo kupitia eCitizen. Isitoshe, wapo wauzaji ambao tayari wameweka kitabu cha gari kuwa dhamana ya mkopo. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika, mikopo kama hiyo husajiliwa, na kutafuta katika sajili hiyo ni kazi ya dakika chache. Kumfuata muuzaji aliyetoweka ni kazi ya miaka.

Aidha, benki nyingi huweka ukomo wa umri wa gari zinalolifadhili, na kampuni nyingi za bima husita kulipa bima kamili gari la miaka 20. Ndiyo sababu mnunuzi wa kawaida hukimbilia chama cha ushirika, ambako wadhamini ni wenzake kazini. Gari likifia gereji, mkopo haufi. Mshahara wa mwalimu mwenzake ndio unaokatwa. Hili ni jambo linalostahili kufikiriwa kabla ya kuvutiwa na sauti ya injini.

Suala la usalama halizungumzwi vya kutosha. Kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Magari mengi ya miaka ya tisini hayana mifuko ya hewa wala breki zinazozuia magurudumu kukwama, na urefu wake huyafanya yapinduke upesi kwenye kona. Dhana kwamba gari zito humlinda aliye ndani ilizaliwa kabla ya wahandisi kujifunza kuunda bodi inayobonyea na kumeza kishindo. Viti vya nyuma vya Land Rover vinavyotazamana, ambamo watoto hupakiwa kama magunia, mara nyingi havina hata mkanda.

Serikali yenyewe haijaeleza bayana inataka magari haya yaende wapi. Katika Mswada wa Fedha wa 2024 ilipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya kila gari kwa mwaka, pendekezo lililoondolewa kabla ya mswada wote kutupiliwa mbali Juni 26, 2024 kufuatia maandamano ya vijana. Kanuni zilizopendekezwa kuhusu ukaguzi wa magari zinataka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne yapelekwe kukaguliwa. Zikitekelezwa kikamilifu, Land Rover nyingi za Kuresoi na Maralal hazitapita mlango wa kituo cha ukaguzi, na bei iliyolipwa leo kwa sababu ya uhaba itaporomoka ghafla. Anayenunua sasa angefanya vyema kutenga pesa za breki, taa na usukani pamoja na bei ya gari, na kumtaka muuzaji akubali gari likaguliwe na fundi ambaye hakuchaguliwa naye. Muuzaji akikataa, mnunuzi na ashike njia arudi kwake.