Mali bila daftari: flashi zetu na kumbukumbu za wakulima

Leo naomba tuache kidogo miche na mbolea, tuzungumzie kitu kilichojaa kwenye droo za ofisi zetu na mikoba ya makatibu wa vikundi: flashi, memori kadi na diski za nje.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumehifadhi mali kwenye flashi kumi, lakini daftari la kutuambia kipi kiko wapi hatuna. Mkulima anauliza majibu ya udongo wa shamba lake, anajibiwa "yapo, ngoja tutafute." Inachomekwa flashi ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwisho anaambiwa arudi wiki ijayo.

Maoni yangu ni haya: kabla ofisi au kikundi hakijanunua diski nyingine kubwa zaidi, kitengeneze kwanza orodha ya vilivyomo kwenye zile zilizopo.

Hasara yake ni ya fedha. Huku Rungwe mvua ni nyingi, hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huosha rutuba na kuongeza tindikali kwenye udongo. Ushauri wa chokaa hutegemea vipimo vya nyuma. Visipopatikana, mkulima atapima upya kwa gharama yake au atakisia. Parachichi nalo ni zao la miaka mingi. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa takribani mwaka wa tatu au wa nne, na mti huendelea kwa miongo. Mnunuzi wa nje anayefuata viwango vya GLOBALG.A.P. atataka kuona kumbukumbu: dawa gani ilipigwa, lini na kwa kiasi gani. Afisa aliyeziandika huenda amekwishahamishwa. Kama mahali zilipo palikuwa kichwani mwake tu, amehama napo.

Wapo watakaosema kompyuta ina sehemu ya kutafutia. Ni kweli, lakini kwa kawaida inatafuta kwenye diski iliyochomekwa wakati huo. Iliyoko kabatini haionekani. Wengine watasema tuweke vyote mtandaoni. Nyaraka chache muhimu, sawa. Ila Google hutoa nafasi ya GB 15 tu bila malipo, na kupandisha picha na video za mashamba ya kata nzima kunakula bando la mfukoni mwako.

Zipo programu za kazi hii hasa. Unachomeka flashi mara moja, programu inasoma majina ya mafaili yote, ukubwa na tarehe zake, kisha inabaki na orodha hiyo ndani ya kompyuta. Siku nyingine ukiandika "udongo," inakuambia faili liko diski gani na folda gani, hata kama diski yenyewe imefungiwa kabatini. VVV, yaani Virtual Volumes View, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Cathy nayo ni ya bure, ni ndogo sana na haihitaji kusakinishwa kwenye Windows.

Utaratibu ninaoshauri ni huu:

1. Kusanya flashi na diski zote. Zikague virusi kwanza.
2. Ipe kila moja namba, mfano MPU-01. Iandike kwa maka peni juu yake, na pia ibadilishe jina ndani ya kompyuta. Jina lisizidi herufi 11.
3. Badilisha majina ya mafaili muhimu. Orodha haiwezi kukusaidia kama faili linaitwa "Document1" au "IMG-20230511-WA0004." Anza na mwaka: 2023-05_udongo_kahawa. Ukianza na mwaka, mafaili yatajipanga yenyewe.
4. Chomeka moja moja, programu isome. Ukiongeza mafaili kwenye flashi, isomeshe tena, la sivyo orodha itakudanganya.
5. Chapa orodha ya diski zote, hata ukurasa mmoja, uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Huna intaneti ya kupakua programu? Fungua cmd kwenye Windows, andika dir E:\ /s > MPU-01.txt kisha bonyeza Enter. Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Utapata faili la maandishi lenye majina yote, linalofunguka kwa Notepad, na unatafuta kwa kubonyeza Ctrl na F.

Tahadhari mbili. Kwanza, orodha haihifadhi mafaili yenyewe. Flashi ikifa, orodha itakuonyesha tu ulichopoteza. Nyaraka muhimu ziwe na nakala mbili, katika vifaa viwili, katika vyumba viwili, na mbali na unyevu wa huku kwetu. Pili, daftari la wakulima lina majina na namba za simu za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usiandike jina la mkulima kwenye jina la faili, tumia namba ya shamba, kwa sababu orodha hiyo itapita mikono mingi.

Kwa maafisa wenzangu nasema hivi: wakati wa makabidhiano tunahesabu pikipiki, kompyuta na viti. Orodha ya diski na vilivyomo nayo iingie kwenye hati ya makabidhiano na isainiwe. Kwa makatibu wa vikundi na AMCOS, msimsubiri afisa. Flashi tatu ni kazi ya nusu siku. Ukikwama, njoo nazo ofisini tuzipitie pamoja.